Mama Mvuke na Upande wa Pili wa Shuka

Shuka la chumba cha upasuaji ni kubwa kuliko heshima ya watu wengi ninaowajua. Mtu mmoja hawezi kulikunja. Akijaribu peke yake, pembe moja itaburuzika sakafuni, ataikanyaga, na shuka litarudi kufuliwa huku wenzake wakimtazama kana kwamba amemwaga chakula cha msiba. Linataka watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanalivuta mpaka linyooke, wanaendeana, wanakutanisha mikono, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake na kuinama kuokota mkunjo wa chini, wanarudi nyuma, wanaendeana tena. Kabla shuka moja halijaisha mmekwisha kukutana uso kwa uso zaidi ya wanandoa wengine kwa wiki nzima. Na ukiwa na kinyongo na aliyeshika upande wa pili, shuka litakusema. Likivutwa na watu wasiotazamana linatoka limepinda kama mdomo wa mtu aliyenyimwa.

Juu ya jambo hilo dogo shangazi yangu alijenga ufalme wake.

Ufalme wenyewe uko chini kabisa ya hospitali, nyuma ya jiko, mahali ambapo wageni hufika tu wakiwa wamepotea. Ni chumba cha kufulia. Mwanzoni kuna mlango wa nguo chafu, ukifuatiwa na mashine za kufulia zenye matumbo ya chuma, halafu za kukaushia, halafu rola, ile pasi ndefu inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande ule. Mwisho kuna meza ya kukunjia, ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi, na karibu yake mlango pekee wa kutokea nje. Nyuma ya ukuta wa ndani kuna boila, na boila ndilo linalotoa mvuke. Bila mvuke, mitambo yote hiyo ni masanduku ya kuwekea mikono.

Shangazi ndiye msimamizi. Watu humwita Mama Mvuke, na jina hilo amelipata kwa namna anavyoingia mahali: humwoni akija, unahisi joto tu. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Hapa mimi si dada wa baba yako. Ukichelewa nitakusema kama mtoto wa jirani."

Nikamwambia mtoto wa jirani husemwa kwa adabu kuliko mimi.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipeleka upande wa nguo chafu, nikakaa huko muda wa kutosha kuelewa kwamba kumchekesha mkubwa hakupunguzi kazi.

Nilifika pale na nusu ya diploma ya uongozi. Nusu ya pili bado iko chuoni inanisubiri, kwa uvumilivu ambao mama yangu hana. Nusu niliyo nayo ilinifundisha kuchora mishale mingi kati ya visanduku. Sikuwahi kuona popote kisanduku kilichoandikwa shuka.

Shangazi alianzia upande huohuo mchafu, akiwa na glavu zinazompwaya na mimba ya mtoto wake wa pili. Msimamizi wa enzi hizo aliongoza kwa filimbi. Filimbi ya kuanza, filimbi ya kuharakisha, filimbi ya nani-anacheka-huko. Wafanyakazi walikuwa wakijificha nyuma ya mafurushi kama panya, na mashuka yalikuwa yakipanda wodini yakiwa na unyevunyevu. Bwana huyo alipostaafu alimkabidhi Mama Mvuke kiti, ufunguo wa stoo ya sabuni, na filimbi. Kiti alikipeleka upande mchafu, wapumzikie wenye mimba. Filimbi akaifunga kwenye ufunguo wa stoo. Siku hizi inalia pale tu ufunguo unapoanguka, na ikilia watu wazima wananyamaza ghafla bila kujua kwa nini.

Kuna mambo yake ambayo mpaka leo nikiyafikiria nabaki nimeduwaa. Chukulia habari ya Twiga. Twiga ni mrefu mpaka shati lake linakata tamaa kiunoni, na sauti yake haijui kwamba watu wako karibu. Alipokuwa kwenye mashine za kufulia aligombana na kila mtu, hata na mashine. Msimamizi mwingine angemfukuza. Mama Mvuke alimtazama kwa siku kadhaa, kisha akamhamishia kwenye rola. Pale kelele ni kubwa kuliko yeye, na shuka linatoka la moto, linataka mikono mirefu ya kulidaka kabla halijajikunja lenyewe. Sasa Twiga anagomba kutwa, hakuna anayemsikia, na mashuka yanatoka yamenyooka kama barabara ya kwa mkubwa.

Halafu kuna safari ya juu. Kila mgeni, wiki yake ya kwanza, Mama Mvuke humvua aproni na kumpandisha wodini. Mnasimama mlangoni, hamsemi kitu. Siku yangu walikuwa wanamhamisha mzee mmoja kutoka kitanda cha magurudumu. Manesi walimlaza kwenye shuka letu. Mzee akalipapasa kwa kiganja, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba amefika nyumbani, akafumba macho. Basi. Mama Mvuke akasema, "Haya, turudi." Hakuongeza neno, hakuuliza nimejifunza nini. Mimi ambaye nina utani wa kila tukio, wa kipaimara na wa mazishi, sikuwa na hata mmoja mpaka saa ya chakula.

Na ipo sheria ya shuka. Mkigombana, mnakunja pamoja mashuka ya upasuaji mpaka kitoroli kijae. Hamuulizwi nani alianza. Hakuna kesi, hakuna mashahidi. Wakati nafika, waliokuwa kwenye adhabu hiyo, ingawa Mama Mvuke hapendi iitwe adhabu, walikuwa Twiga na Bi Harusi. Bi Harusi ni mkunjaji wetu mkuu, aliyeolewa zamani sana lakini bado anasimulia harusi yake kana kwamba ilikuwa Jumamosi iliyopita. Walikuwa wamegombania feni.

"Vuta basi," Bi Harusi alisema. "Au mikono yote hiyo ni ya kuazima?"

"Navuta. Wewe ndiye umesimama kama unapigwa picha."

"Nimezoea. Siku ya harusi yangu nilipigwa picha mpaka mpiga picha akaomba maji."

Walikutanisha mikono, wakarudi nyuma. Mashuka mawili matatu baadaye Twiga alisema, kwa sauti yake ndogo, ambayo ni sawa na yako unapoita mtu ng'ambo ya pili, "Hiyo feni ielekezwe kwako asubuhi, kwangu mchana."

"Ungesema hivyo toka juzi," Bi Harusi akajibu, "tungekuwa tumeshamaliza kuchukiana."

Niliwahi kumuuliza shangazi sheria hiyo aliitoa wapi. Akaniambia, "Kamuulize mama yako." Mama akacheka kidogo, akasema kwamba yeye na wifi yake waliwahi kukaa nyumba moja bila kusemezana, kwa sababu ambayo wote wawili wameisahau na hakuna anayekubali kuisahau wa kwanza. Siku moja mvua ikawakuta na mashuka kwenye kamba. Wakakimbia. Wakajikuta kila mmoja ameshika upande. "Ukishamwendea mtu na shuka mikononi," mama alisema, "utafanyaje? Utamkabidhi tu."

Sasa niseme habari ya Fundi Geji, maana bila yeye hadithi ya shangazi yangu ni sifa tupu, na sifa tupu wanapewa marehemu.

Fundi Geji ndiye mtu wa boila. Mkewe husema geji ile ya presha inatazamwa kuliko yeye, na kwamba angejitundika ukutani huenda angepata salamu. Ni mtu mkavu, maneno yake anayatoa moja moja kama anayatoa mfukoni mwa mtu mwingine. Ndiye pekee pale mwenye cheti cha kuwasha boila, na bila mwenye cheti hospitali hairuhusiwi kuliwasha. Tulikuwa tunajua pia kwamba hoteli moja mpya inamwinda. Hakuwahi kukunja shuka hata moja. Hakuwa mtu wa meza. Alipita katikati yetu asubuhi akienda nyuma ya ukuta, akapita tena jioni akitoka, nasi tukampungia mkono kama watu wanaopungia gari la zimamoto.

Ikaja Jumatatu. Mashuka ya mwisho wa wiki yalikuwa yamefika yote, mlima juu ya mlima. Mkuu wa utawala wa hospitali alikuwa ameshatuonya kwamba wodi ikikosa mashuka tena, kazi ya kufua ataitoa kwa kampuni ya nje, nasi twende tukafue kwetu. Mama Mvuke alikuwa akitembea kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo. Vitambaa vya jikoni vilikuwa na mafuta, vinataka maji ya moto sana, na maji ya moto ya mashine yalikuwa yanasuasua. Akasema, "Chukueni kwenye tangi la fundi."

Tangi hilo liko nyuma ya ukuta. Ndilo linalolisha boila maji, na maji yake hukaa ya moto. Fundi Geji hakuwepo, alikuwa ameitwa juu kuangalia bomba la mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji. Mfuniko wa tangi ukatolewa, ndoo zikachota, vitambaa vikalowekwa. Mfuniko haukurudishwa. Na kwa kuwa uani kulikuwa na matope, mablanketi siku hiyo yalikung'utiwa pale pale, karibu na tangi lililo wazi.

Fundi alirudi, akapita bila neno kama kawaida. Muda mfupi baadaye Twiga akaanza kupiga kelele, na kwa mara ya kwanza tukamsikia, maana rola lilikuwa linapoa na mashuka yanatoka mabichi. Halafu tukasikia kitu kibaya kuliko kelele. Ngurumo ya boila ilikata.

Mama Mvuke alifika nyuma ya ukuta kabla yetu. Sisi tulifuata, kwanza kwa masikio, halafu kwa miguu.

"Kwa nini umezima?"

"Hakuna maji kwenye kioo," Fundi Geji alisema. Boila lina kioo chembamba ubavuni kinachoonyesha maji yako wapi. Kilikuwa kitupu.

"Basi lifungulie maji."

"Nikilifungulia sasa, likiwa la moto hivi na tupu hivi, mama, linapasuka. Tunazikwa na mashuka yako."

Shangazi angeishia hapo. Lakini nadhani alikuwa anamwona mkuu wa utawala akishuka ngazi, anatuona sisi sote nje ya geti tukiwa na mifuko yetu. Hofu ikatafuta mtu wa kumshika shati.

"Ulikuwa wapi mpaka maji yakaisha?" alisema. "Ulilala? Wagonjwa walale kwenye magodoro matupu kwa sababu ya usingizi wako?"

Tulikuwa wote pale. Fundi Geji alimtazama, akatutazama, akageukia mtambo wake.

Alisubiri boila lipoe. Alifungua chujio la pampu inayovuta maji tangini kwenda kwenye boila. Kisha akaja kwetu, kwenye meza ya kukunjia, mahali ambapo hakuwahi kusimama, akaweka katikati ya mashuka meupe bonge la manyoya ya blanketi, limelowa, limekuwa la kijivu, ukubwa wa paka mchanga.

"Tangi lilikuwa wazi," alisema, akaondoka.

Macho yetu yote yakaenda kwenye ndoo. Shangazi hakuangalia ndoo. Aliliangalia lile bonge, na uso wake ukafanya kitu ambacho sipendi kukikumbuka.

Wodi zilikosa mashuka mpaka jioni. Mkuu wa utawala alishuka, amevaa uso wa kufukuza. Mama Mvuke alimpokea mlangoni. Alimwambia kosa ni lake yeye, si la mwingine, na kwamba fundi ameokoa ukuta na watu waliokuwa nyuma ya ukuta. Mkuu akasema hii ndiyo mara ya mwisho, na boila likilala tena siku hata moja, watu wa kampuni wataingia. Fundi Geji hakuyasikia hayo. Alikuwa ndani anasafisha mabomba. Alipotoka alimwambia Bi Harusi tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu: "Kesho nitaliwasha mpaka mchana, mmalize viporo. Halafu naenda hotelini."

Hesabu yake haikuhitaji chuo. Akiondoka, boila linapoa. Likipoa, sisi wote tumekwisha.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikwenda kumwona. Nilikuwa nyuma yake na vikombe vya chai, kwa hiyo nilisikia. Alimwomba radhi vizuri, kwa maneno mazuri, sauti ya chini. Fundi alifuta geji kwa kitambaa mpaka akamaliza.

"Mama," alisema, "ulinitukana mbele ya watu. Radhi unaniomba mbele ya boila. Boila halikunitukana."

Akachukua chai, akasema ahsante, akatugeuzia mgongo.

Tukarudi. Nilitegemea shangazi atatuita kikao. Nilitegemea atampigia simu mke wa fundi, maana wanafahamiana. Badala yake alikwenda kwenye rundo la upasuaji, akachagua shuka kubwa kuliko yote, akasimama mwisho wa meza, karibu na mlango wa kutokea. Akashika pembe mbili. Upande wa pili akaulaza mezani. Akasimama hivyo.

Twiga alikuja. "Nikusaidie, mama?"

"Ahsante, mwanangu. Mwenye upande huo yupo."

Twiga akatazama mlango wa boila, akaelewa, akarudi kwenye rola lake kwa ncha za vidole.

Sijui niseme vipi ili unielewe. Jaribu mwenyewe. Shika shuka zito pembe mbili, mikono juu ya kifua, usimame. Mwanzoni ni jambo la kuchekesha, na mimi kweli nilikuwa nimeshaandaa la kusema, kwamba shangazi ameamua kuwa kamba ya kuanikia. Lilinifia mdomoni. Baada ya muda mabega yalianza kumtetemeka. Shuka likawa linatetemeka naye, mawimbi madogo yakitembea kutoka mikononi mwake mpaka mezani. Hakushusha mikono. Hakutazama saa, hakututazama sisi.

Na hapo ndipo nilipoona jambo la pili, kubwa vilevile. Kazi ilikuwa inakwenda. Hakuna aliyetuamuru. Aliyemaliza kujaza mashine alikuja kukunja, aliyekunja alikwenda kusukuma vitoroli, wa upande mchafu walinawa mikono wakaja kudaka mashuka upande wa pili wa rola. Simu ya ofisini ilipolia Bi Harusi aliipokea, akasema, "Mama Mvuke yuko kwenye kazi muhimu," akakata kabla hajaulizwa kazi gani. Twiga hakugomba. Chumba kile chenye kelele kama soko kilinyamaza, ikabaki mitambo peke yake, na sisi tukipishana bila kugongana, kila mtu akijua mwenzake anataka nini kabla hajaomba. Nilikuwa nimesimama katikati nikiwatazama. Vitu vyote alivyowahi kutufanyia vilikuwa vinamrudia kwa wakati mmoja, naye hakuviona, alikuwa anatazama mlango.

Mchana ukafika. Ngurumo ikakata nyuma ya ukuta, safari hii taratibu, imezimwa na mtu aliyemaliza. Fundi Geji akatoka na sanduku lake la vifaa.

Alipofika usawa wa meza alisimama. Njia ilikuwa wazi, Mama Mvuke hakuwa ameiziba.

"Fundi," alisema, na sauti yake ilifika mpaka upande mchafu. "Jana nilikutukana mbele ya hawa. Tangi nilisema lifunguliwe mimi. Wewe ndiye uliyetunusuru, nikakuita mlalaji. Hapa kwetu watu wakigombana wanakunja shuka. Nimegombana na wewe."

Fundi alilitazama lile shuka linalotetemeka. "Mimi si mtu wa meza hii."

"Kweli," Mama Mvuke alisema. "Na hilo ndilo kosa langu kubwa zaidi. La jana ni dogo." Akaliinua shuka kidogo. "Kila anayeingia hapa nampeleka juu akaone. Wewe sikukupeleka. Nilidhani mtu wa boila anatosheka na boila."

Fundi Geji aliangalia viganja vyake, akatuonyesha, vyeusi.

"Nina grisi."

"Litafuliwa, baba," Mama Mvuke alisema. "Hapa ni kwa dobi."

Bi Harusi ndiye aliyecheka wa kwanza, akajiziba mdomo kwa aproni. Fundi Geji hakucheka. Lakini alishusha sanduku sakafuni, akashika pembe mbili zilizokuwa mezani, akalivuta.

Hakujua kukunja. Alilivuta kama anafungua nati iliyoota kutu, shangazi akakaribia kuruka meza.

"Fundi, hilo si bomba," Twiga alisema. "Usikaze."

"Wewe mrefu," Fundi alisema bila kugeuka, "mvuke wa pasi yako unatoka kwa nani?"

Twiga akainua mikono juu kusalimu amri, akagonga taa.

Shuka la kwanza lilitoka kama barua ya mtoto wa chekechea, na alama mbili za dole gumba. Mama Mvuke akalitupa kwenye kapu la nguo chafu kwa heshima zote. Fundi akaenda kunawa. Wakaanza la pili, wakaendeana, wakakutanisha mikono. Kwenye la tatu au la nne, mikono ikiwa imekutana, Fundi alisema kwa sauti ya chini, ila sisi tulikuwa na masikio marefu siku hiyo.

"Ni lile neno la usingizi, mama. Ndilo lililonichoma."

"Najua."

"Sijawahi kulala mbele ya moto. Hata homa ikinishika, silali."

"Najua, baba. Nilijua hata nilipokuwa nalisema."

Akamkabidhi pembe. Wakaendelea mpaka kitoroli kikajaa, yeye akijifunza, shangazi akiinama kwa shida kuokota mikunjo kwa mikono iliyokuwa imekufa ganzi. Kisha Mama Mvuke akavua aproni, akamwambia, "Twende juu." Mimi nikasukuma kitoroli kingine, cha mashuka ya wodi yaliyotoka kwenye rola kabla halijapoa.

Nesi alimtazama Fundi Geji kuanzia kofia mpaka buti, akanyoosha kidole kwenye buti. Fundi akazivua. Akasimama mlangoni na soksi zake, moja ikiwa na tundu ambalo mkewe bila shaka hajui kama limetoka nje na kuonekana na watu. Walikuwa wameleta msichana kutoka chumba cha upasuaji, anatetemeka kwa ile baridi wanayotoka nayo kule, meno yanagongana. Nesi alichukua shuka kutoka kitoroli changu, akalikung'uta mara moja, akamfunika, akaongeza la pili. Tukangoja. Meno yakapunguza, yakaacha.

"Lina joto," msichana alisema, macho hayajafunguka.

Fundi Geji alilitazama lile shuka. Kisha akasema, polepole, wala hakuwa akituambia sisi: "Joto hilo nimeliwasha mimi."

Mama Mvuke akasema, "Haya, turudi."

Tulishuka ngazi, Fundi akiwa mbele na buti mkononi. Kule chini watu walikuwa wamesimama, mashuka mabichi mbele ya rola lililopoa, hakuna aliyethubutu kukaa. Sanduku lake lilikuwa pale pale alipoliacha, karibu na mlango wa kutokea. Alilifikia. Akainama, akavaa buti, akafunga kamba kwa utulivu wa mtu anayetaka kuwaua wenzake kwa mshtuko wa moyo. Akalinyanyua sanduku, akageuka, akapita katikati yetu kuelekea nyuma ya ukuta.

Tukasikia vyuma vikisogezwa. Halafu sauti yake:

"Nani ameweka huu mfuniko wa tangi?"

"Mimi," Mama Mvuke akasema.

"Umeugeuza. Njoo nikuonyeshe unavyokaa."

Akaenda, nasi nyuma yake, kwanza kwa masikio, halafu kwa miguu. Mfuniko ni wa chuma, una vishikio viwili. Shangazi alijaribu kuunyanyua, mikono ikakataa, haikuwa na kitu tena ndani yake baada ya asubuhi ile. Fundi Geji aliweka kitambaa chake begani, akazunguka tangi, akashika kishikio cha upande wa pili.

"Tunainua kwa hesabu yangu au yako?" aliuliza.

"Yako," shangazi akasema. "Hapa ni kwako."